Mgeni wa Majuma Matatu

Somo: Luka 10:1-20

  

Leo tumesoma Injili ya Luka, sura ya 10, tangu mstari wa 1 mpaka wa 20. Ni habari ya wale sabini ambao Bwana aliwatuma wawili wawili. Tunapenda mwangalie jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita mbio: hao sabini hawakutumwa kwenda kuishi huko. Walienda, wakatumika, wakarudi, wakatoa habari. Kwa lugha ya siku hizi tungesema walikuwa timu ya muda mfupi. Basi kila kanisa linalotuma watu kwa majuma mawili au matatu, na kila kanisa linalopokea wageni wa namna hiyo, linapata mafundisho yake hapa.

Tunayasema haya kwa sababu sisi pia tulitumwa hivyo. Watu wanne wa chuo chetu cha Biblia tuliungana na ndugu wa nchi nyingine, tukatumika majuma matatu katika kisiwa cha Leyte, nchi ya Ufilipino, upande wa mji wa Tacloban. Tangu turudi, wasikilizaji wanatuuliza maswali mawili. La kwanza: mlifanya nini huko? La pili ni gumu zaidi: mliwezaje kupanda ndege kwenda Asia, na huku kwetu watu wanalala chini ya mabashi? Hatutalikwepa swali hilo. Tutalifikia. Lakini tuanze na Neno.

1. Bwana huwa ametangulia

Mstari wa 1 unatuambia kwamba Bwana aliwatuma mahali ambapo yeye mwenyewe alikusudia kufika. Basi mji ni wake na safari ni yake. Aliyetumwa anatengeneza njia tu.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Hesabu ya mwaka wa 2020 ilipata watu milioni 109. Kati ya watu kumi, karibu wanane ni Wakatoliki. Msalaba ulifika huko pamoja na merikebu za Magellan mwaka wa 1521. Wahispania walirudi kukaa tangu mwaka wa 1565, wakatawala zaidi ya miaka mia tatu. Wamarekani walipoingia mwaka wa 1898, wamisionari wa Kiprotestanti walifuata mwaka wa pili yake.

Na habari ya Pentekoste je? Wengi hufikiri ililetwa na wazungu peke yao. Katika miaka ya 1920 na 1930, vijana Wafilipino waliokwenda Marekani kutafuta kazi waliokoka huko. Wengine wakasoma shule za Biblia, kisha wakarudi visiwani kwao, wakahubiri kwa lugha za mama zao. Wenyeji wenyewe walibeba moto huo nyumbani.

Sisi Wakongo tusishangae. William Burton na James Salter walipofika Mwanza, huko Katanga, mwaka wa 1915, kazi yao ilipata nguvu kwa sababu ya watu waliorudi kutoka utumwani Angola wakiwa wamekwisha kumwamini Yesu. Jina la Shalumbo linakumbukwa mpaka leo. Na Waswidi walipofika Uvira mwaka wa 1921, ni nani aliyepanda milima kwa miguu, akalala njaa, akafundisha nyimbo kijiji kwa kijiji? Ni wainjilisti wetu, wazee wetu, ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo tulipoingia Leyte tulijua jambo hili: hatukuja kumleta Mungu. Tulimkuta. Alikuwa huko kabla ya ndege yetu kutua, na alibaki huko ndege yetu ilipopaa. Mtu asiyejua hilo ataingia katika nchi ya watu kama vile yeye ndiye aliyewaletea jua.

2. Amani kwanza, kazi baadaye

Mstari wa 5 unaagiza kwamba mkiingia nyumbani mwa mtu, jambo la kwanza ni kuitakia nyumba hiyo amani. Si kuhubiri, si kugawa vitu, si kupiga picha.

Huko Ufilipino mtu haingii kwa mwenzake bila kuita. Kwa Kitagalogi, lugha ya Manila ambayo watu wa visiwa vingi wanaielewa, anasimama nje na kusema: Tao po! Tao maana yake ni mtu, na po ni neno la heshima. Ni kama kusema: mtu yuko hapa nje, kwa heshima yenu. Ndugu zetu, hiyo si hodi? Tulipoisikia tulijiona tuko nyumbani. Neno hilo po linasikika tena na tena mtu anaposema na mkubwa wake. Na kijana akikutana na mzee, anaushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe. Wanaita mano. Mzee naye anambariki.

Kabla ya kazi yoyote, mchungaji mwenyeji alitupeleka kwa mkuu wa barangay. Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya utawala, na mkuu wake ni kama shefu wa kartie huku kwetu, ila yeye huchaguliwa kwa kura. Tulikaa, tukajieleza, tukaandika majina yetu, tukanywa kahawa. Kijana mmoja katika timu aliona tunapoteza nusu siku. Lakini nusu siku hiyo ndiyo iliyotufungulia majuma yote matatu. Baada ya hapo, kila nyumba tuliyoifikia walikuwa wamekwisha kusikia sisi ni nani na tumetumwa na nani.

Tena kuna amani ya namna nyingine: kusema na mtu kwa neno analolielewa. Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 2013, kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino wanakiita Yolanda, kiliupiga mji wa Tacloban. Redio na televisheni zilikuwa zimetangaza. Watu wamezoea vimbunga, maana karibu ishirini hufika katika eneo lao kila mwaka. Lakini safari hii wataalamu walitumia neno la Kiingereza lenye maana kwamba upepo utaisukuma bahari mpaka juu ya nchi kavu. Wengi walilisikia neno hilo bila kujua maana yake. Walijificha ndani wasichukuliwe na upepo, nayo bahari ikawakuta humo. Katika nchi ile watu zaidi ya 6,000 walikufa. Baadaye wengi walisema: kama tungeambiwa ni tsunami, tungekimbia.

Sisi wahubiri, na sisi watu wa redio, tutetemeke. Onyo lilitoka mapema. Onyo lilikuwa la kweli. Lakini wengi halikuwaokoa, kwa sababu lilikuja kwa neno ambalo mama wa kando ya bahari hakulijua. Je, wewe mhubiri, neno lako la kuokoa linasikika kwa lugha gani? Watu wa Tacloban husema Kiwarai, na wala si Kitagalogi. Sisi tulijifunza kusema maupay nga aga, yaani habari ya asubuhi, na maneno mengine machache. Mahubiri yote yalipita kinywani mwa dada mmoja wa kanisa lile, mkalimani wetu. Tulimpa masomo yetu siku moja mbele, tukamruhusu atoe mfano ambao haungeeleweka na kuweka mwingine wa kwao. Mkalimani si bomba la maji. Kwa wasikilizaji wake, yeye ndiye mhubiri.

3. Ule wanachokupa, ukae walipokuweka

Mstari wa 7 unawataka waliotumwa wakae katika nyumba ile ile, wale na kunywa wanachopewa, wasihamehame kutafuta palipo pazuri zaidi.

Mchungaji aliyetupokea hana mshahara wa kanisa. Siku za juma anaendesha pikipiki yenye kiti cha abiria ubavuni, wanayoita tricycle. Mke wake anauza samaki wakavu. Wachungaji wengi mnaotusikiliza mnamjua mtu huyo, hata kama hamjawahi kumwona. Nyumbani kwake tulikula wali asubuhi, mchana na jioni, pamoja na samaki wadogo wakavu kama ndagala zetu. Siku ya tatu mama alileta majani ya viazi vitamu. Matembele! Mmoja wetu alipiga vigelegele mezani, na mama yule akacheka mpaka akatoka machozi, kwa sababu alikuwa ameogopa kwamba wageni watadharau mboga ya maskini.

Kwao, mtu akipita wakati mnakula, mnamwambia kain tayo, maana yake karibu tule. Hata kama sufuria ni ndogo. Mgeni anayekataa chakula hakatai wali, anamkataa mtu. Lakini tuwe na macho pia. Tuliona kwamba watoto walikula baada yetu. Basi tulikubaliana na mchungaji kwamba fedha ya chakula ambayo kila mmoja alikuwa nayo ingeingia mkononi mwa mama, naye apike kwa nyumba nzima, na wote wale pamoja. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa siku ishirini na moja. Jembe lilitufaa sana.

4. Mkono ulioinuliwa

Sasa tunafika mahali penye uzito.

Usiku wa kwanza, kabla ya mkutano wowote, mchungaji yule alituomba jambo moja kwa sauti ya chini. Alisema: ndugu zangu, tafadhali msiwaombe watu wainue mikono.

Tulishangaa. Sisi ni Wapentekoste. Mkutano bila wito tunaona ni kama shamba bila mavuno. Lakini alitueleza. Kuna maneno mawili ambayo mgeni asipoyajua hataelewa anachokiona. La kwanza ni hiya. Ni haya, aibu ya kumwangusha mtu mbele ya wengine. La pili ni utang na loob. Ni deni, lakini si la fedha. Ni deni la ndani ya moyo, la mtu aliyekutendea wema. Deni hilo halifutwi kwa hesabu. Mtu mwenye heshima hulikumbuka maisha yake yote.

Basi fikirini. Timu inakuja kutoka mbali. Inagawa mchele, inatibu meno, inacheza na watoto. Jioni mhubiri anauliza: nani anataka kumpokea Yesu? Mtu aliyekula mchele ule atakaaje na mkono chini?

Mchungaji alitutajia mzee mmoja wa mtaa ule, mvuvi. Timu tatu zilikuwa zimepita kabla yetu. Mzee aliinua mkono mara tatu. Mara tatu ameandikwa katika taarifa zilizosomwa katika makanisa ya mbali, na watu wakapiga makofi. Jumapili hakuonekana hata mara moja. Mchungaji alipomwuliza kwa upole, mzee alijibu: wametoka mbali sana, Mchungaji. Ningewezaje kuwaaibisha?

Ndugu zetu, mzee yule alikuwa akituhurumia sisi. Mkono wake ulikuwa sadaka kwa mgeni. Na sisi tuliotumwa tunaweza kuichukua sadaka hiyo na kuiita wokovu, tukamwacha mtu akidhani amekwisha kumaliza habari zake na Mungu, kumbe amemaliza habari zake na wageni tu. Hapo si heshima yetu iliyo hatarini. Ni roho ya mtu.

Kwa hiyo hatukuita mikono. Tulihubiri Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, tukaomba, tukasema: anayetaka kujua zaidi, mchungaji wenu anakaa hapa, mlango wake mnaujua. Kisha mchana tulitembea nyumba kwa nyumba pamoja naye. Yeye mbele, sisi nyuma.

Tulifika kwa mzee mvuvi pia. Tunamwita Tatay, yaani Baba, kama wote wanavyomwita. Bahari ilimchukulia mke na mjukuu siku ile ya Yolanda. Alitusikiliza, kisha yeye akatuuliza: na kwenu, watu hufa namna hii? Tulimweleza habari za Goma, mlima wa moto uliomwaga lava mjini mwaka wa 2002, ukalipuka tena mwaka wa 2021. Tukamweleza habari za vita. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akatuuliza majina ya wafu wetu, kwa sababu kila tarehe 8 mwezi wa 11 watu wa Tacloban huwasha mishumaa, naye alitaka kuwasha kwa ajili yao. Tulimshukuru, tukamwambia kwa upole kwamba sisi hatuwashi mishumaa kwa ajili ya waliokufa. Alifikiri, akasema: basi nipeni majina ya walio hai.

Tulimpa. Aliyaandika kwenye karatasi, moja moja, akituuliza namna ya kuyaandika. Ninyi mnaotusikiliza, baadhi ya majina yenu yako Leyte, katika nyumba ya mvuvi.

Je, Tatay ameokoka? Mchungaji anatuandikia kwamba sasa anakuja kanisani kuchota maji, anakaa, wanazungumza, wakati mwingine mpaka jua kuzama. Hajabatizwa. Hatutamhesabu kabla ya wakati wake. Tunamwombea.

5. Waponyeni, na muwaache wasimame

Mstari wa 9 unaagiza kuponya wagonjwa. Uponyaji una njia nyingi. Baada ya kimbunga, jamaa nyingi zilizokuwa zikikaa kando ya bahari zilihamishwa mpaka mitaa mipya kaskazini mwa mji. Nyumba zilikuwa ngumu zaidi, lakini mvuvi alijikuta mbali na bahari, na maji ya bomba yalikuwa shida kwa miaka mingi. Kanisa tulilolitumikia liko katika mtaa kama huo. Waamini walitaka tangi la kuvuna maji ya mvua, lipate kusaidia hata majirani wasio wa kanisa lao.

Timu yetu ilikuwa na vijana wenye nguvu, wakataka kujenga. Mchungaji alisema hapana. Mtaani mle mlikuwa na maseremala na waashi wasio na kazi. Kwa nini mgeni apande ndege ili kumnyang'anya fundi mwashi siku yake ya kazi? Fedha iliyotengwa ililipa mafundi watatu wa mtaa ule. Sisi tulibeba mchanga na kukoroga saruji, na tulitii amri zao. Tangi likipasuka, fundi yuko. Hakuna haja ya kungoja timu nyingine.

Wafilipino wana neno bayanihan. Zamani mtu akihama, majirani walikuja, wakaingiza mianzi chini ya nyumba yake, wakaibeba nzima mabegani mpaka mahali papya. Neno hilo sasa wanalitumia kwa msaada wowote wa majirani. Sisi tunajua salongo, lakini wazee watakumbuka kwamba salongo ilikuwa amri ya serikali. Bayanihan haina amri. Mwenye nyumba hupika tu, na wenzake huinua. Timu ya muda mfupi inaweza kuweka bega moja kwa muda kidogo. Mianzi mingine yote imeshikwa na majirani.

Tena waliotuonyesha hilo vizuri zaidi ni wakulima wa minazi. Yolanda iliangusha minazi mamilioni, na wengi katika sehemu ile waliishi kwa nazi. Mfano wake ni mtu wa Fizi kuamka asubuhi akakuta michikichi yake yote imelala chini. Waliipasua ile iliyoanguka, wakapata mbao za kujengea. Wakapanda mingine. Mnazi hukaa miaka sita, hata zaidi, kabla ya kuzaa vizuri. Sisi tulikaa majuma matatu. Nani aliyekaa na wenye mashamba miaka yote hiyo ya kungoja? Kanisa la pale. Majirani. Na jamaa zao walio mbali.

6. Furaha ya kurudi

Sabini walirudi wakifurahi kwamba hata pepo waliwatii. Soma vema mstari wa 20. Bwana hakuwakemea kwa kufurahi, lakini aliigeuza furaha yao. Wasifurahie nguvu waliyoiona mikononi mwao. Wafurahi kwamba wao wenyewe wameandikwa mbinguni. Ripoti nzuri kuliko zote haihusu kazi tuliyoifanya. Ni kwamba Mungu anatujua.

Nasi tulirudi na furaha ya namna hiyo. Tulikwenda kama watumishi, tukakuta watumishi. Wafilipino karibu milioni mbili wanafanya kazi ng'ambo: mabaharia katika meli za dunia yote, wauguzi, mafundi, akina mama wanaotunza nyumba za watu Hong Kong na katika nchi za Ghuba. Wanatuma fedha na makatoni makubwa ya zawadi nyumbani. Wengi wanabeba pia imani yao. Katika miji ya Ghuba wapo wanaoabudu siku ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku yao ya kupumzika. Mama anayeosha sakafu ya mwenye mali, kisha jioni anaomba na mwenzake chumbani, hakuna kanisa lililomnunulia tiketi. Naye ametumwa.

Ndugu zetu Wakongo mlioko Nakivale, Uganda, na Nyarugusu, Tanzania, mnaotuandikia kwamba mmeanza maombi chini ya mti: hamkukimbia tu. Mmebeba. Wafilipino walitufundisha kuwaona ninyi.

Swali gumu

Sasa tujibu swali la pili. Je, ni haki kwenda mbali wakati nyumbani kunaungua?

Kwanza, tunawaambia wazi: kuna safari ambazo hazifai kufanyika. Kama nauli inatoka katika sanduku la wajane, timu ibaki. Kama mtu hajawahi kwenda kambini kilomita tano kutoka kwake, asipande ndege. Kanisa lililotutuma liliweka sharti kwamba kila mmoja awe amewatumikia waliohama vita kwa miezi sita, akiwa na ushuhuda wa wazee wa kambi, ndipo jina lake lizungumzwe. Nauli yetu ilitolewa na ndugu wa nchi nyingine kwa ajili ya safari ile, na hesabu yake ilisomwa mbele ya kanisa.

Pili, msifikiri kwamba maskini hana haki ya kutoa. Soma 2 Wakorintho, sura ya 8. Makanisa ya Makedonia yalikuwa na umaskini mkubwa, lakini yaliomba nafasi ya kushiriki. Tukisema Mkongo kazi yake ni kupokea tu, tumemdharau kuliko adui zake.

Tatu, tulikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Watu wa Tacloban wamezoea wageni wenye mali. Walipoona wageni kutoka nchi ya vita na lava, ambao mifuko yao ilikuwa myepesi, waliacha kututazama mikono. Wakatutazama uso. Ndiyo maana Tatay aliuliza swali lake.

Maneno ya mwisho

Kijana unayetamani kutumwa, jiulize mambo matatu. Kazi hii ingeendelea kama nisingekuja? Ikiwa jibu ni hapana, kuna neno halijatengenezwa. Nani ataniongoza huko, na je, niko tayari kumtii hata akinikataza kile nilichokuja nacho? Na nikirudi, nitasimulia habari zao kwa namna ambayo wao wangefurahi kuisikia?

Na ninyi makanisa ya hapa mnaopokea timu za wageni, muwe na ujasiri wa mchungaji yule. Waambieni ukweli usiku wa kwanza. Msiwapange yatima mistari kwa ajili ya picha. Msiwafundishe watu kuinua mikono ili wageni warudi na furaha na msaada mwingine uje. Mgeni akikuomba umwonyeshe matunda, mwonyeshe shamba, mpe na jembe.

Tuombe. Bwana wa mavuno, tunakushukuru kwa kuwa hukungoja sisi ili uwapende watu wa Leyte, wala hukungoja wageni ili utupende sisi. Wakumbuke wale waliozika wapendwa wao baada ya Yolanda. Mkumbuke Tatay, anapochota maji na anapokaa kuzungumza. Wakumbuke wachungaji wanaoendesha pikipiki ili watoto wao wale. Tutume unapotaka, na tukiwa huko utupe heshima ya mgeni. Turudishe bila majivuno. Nchi yetu uipe amani. Kwa jina la Yesu Kristo. Ameni.